Baiskeli Zishuke Mbinga hadi Nyasa
Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, takriban kilomita 66, inastahili kutangazwa kwa watalii wa baiskeli. Inapita kwenye mashamba ya kahawa na ngoro za Wamatengo, mashimo yaliyozungukwa na matuta ya nyasi zilizofukiwa ili mvua isisombe udongo, kisha inateremka hadi Ziwa Nyasa. Wapo watakaosema milima ni mikali mno. Lakini huko Gaiole, Italia, tangu 1997 waendesha baiskeli hufuata vilima vya mizabibu kwa sababu hiyohiyo. Hoja ya hatari ya malori kwenye barabara hiyo ni nzito zaidi: breki za lori zikikataa kwenye kona, mwendesha baiskeli hana pa kukimbilia. Basi halmashauri zianze na alama za tahadhari na vituo vya kupumzikia, ambako mkulima atauza kahawa yake ikiwa kikombeni, si guniani tu.