Mnatukata 1.5%, lakini wa kutushauri yuko wapi?

Wasee, jana usiku dada mmoja wa Ruiru aliniandikia. Keateka ameweka kufuli yake juu ya kufuli yake yeye. Deni ni la wiki mbili tu. Sare ya mtoto iko ndani, vitabu viko ndani, jiko liko ndani. Swali lake: "Kwani hii inaruhusiwa?"

Ananiuliza mimi! Mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili, kazi yake kurekodi video na simu iliyopasuka kioo. Nilimwambia apige picha ile kufuli na asisaini karatasi yoyote. Hapo ndipo elimu yangu ilipoishia.

Najua uchungu wake kwa sababu nilishaliwa. Nikihama bedsita yangu ya kwanza, dipositi yangu ya 8,000 iliishia kwa "kupaka rangi". Ukuta wenyewe niliukuta umechubuka nilipoingia, lakini sikuwa nimepiga picha, na sikuwa na mkataba, ni risiti za M-Pesa tu. Nilinyamaza nikabeba godoro. Miezi baadaye ndio nikajua kuna mahakama ya madai madogo: inasikiza kesi za pesa hadi milioni 1, unajitetea bila wakili, na sheria inataka kesi iishe kwa siku 60. Nani aliniambia? Mtu wa boda, tukiwa kwa jam.

Na kuna hii. Sheria ya kulinda wapangaji wa nyumba za kuishi, Sura ya 296, inahusu nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Elfu mbili na mia tano! Nionyeshe keja ya bei hiyo Nairobi ambayo si chumba cha mabati. Sisi wengine wote tunajipanga.

Sasa twende kwa peslipu. Tangu sheria ya nyumba nafuu ya 2024, ukiajiriwa unakatwa 1.5% ya mshahara wote, kabla hata hujagusa, na mwajiri anaongeza 1.5% yake. Hiyo pesa inajenga kuta. Sawa, watu wanahitaji kuta. Lakini mamake rafiki yangu anaamini kila akikatwa anasogea kwa laini ya kupewa nyumba. Hapana, mama. Huo ni ushuru, sio akiba. Nyumba unaomba kivyako kwa Boma Yangu, na ukipewa unailipia. Hakuna mtu wa serikali aliyewahi kukaa naye dakika kumi amweleze hivyo.

Ninachotaka ni kidogo. Kipande cha hiyo 1.5% kilipe mshauri mmoja wa nyumba katika kila Huduma Centre. Mtu aliyefunzwa, asiye na ploti ya kuniuzia. Nikienda na mkataba ausome kabla sijasaini. Shosh akitaka kununua shamba kwa cheti cha hisa, amwambie hicho sio hati miliki. Mwenye mkopo wa nyumba aliyelemewa amsaidie kuongea na benki kabla mnada haujatangazwa.

Marekani wanafanya hivyo kutokana na sheria ya 1968. Wizara yao ya nyumba inaidhinisha mashirika ya ushauri na kuyapa ruzuku: mpangaji, mnunuzi, mwenye nyumba, wote wanahudumiwa. Mzee akitaka ule mkopo wa uzeeni unaodhaminiwa na serikali, ambao dhamana yake ni nyumba yake, lazima kwanza amwone mshauri. Najua mtaniambia huko pia watu wanalala barabarani. Kweli, ushauri haujengi nyumba. Lakini nyumba bila ushauri ndio hii ya kupoteza dipositi kila ukihama.

Kuna wale wa "si ugoogle tu". Boss, mtu aliyefungiwa nje saa nne usiku, betri asilimia 6, agoogle sheria ya Kiingereza ya kurasa arobaini? Ndio maana wanakuja inbox kwangu, na mimi nabahatisha. Mwenye nyumba yeye habahatishi. Ana wakili.

Huyo dada bado hajafunguliwa. Analala kwa jirani na mtoto, na Jumatatu ni shule. Kama kuna wakili anasoma hii, niandikie leo.