Mgeni Apewe Kazi, Asipewe Kiti



Kuko neno moja linalozungumzwa sana hapa masomoni tangu mwanzo wa trimestri, na sisi tunaoandika ukurasa huu tunaona haifai kulinyamazia. Ni neno la kikundi cha badminton. Wote munakijua: wavu mmoja, raketi sita, wachezaji zaidi ya ishirini, na kiwanja kilichochorwa kwa chokaa kati ya madarasa na ukuta. Sasa watu wapya wanaomba kuingia. Kuko vijana Wachina wawili wa kampuni moja ya mgodi, wanaopita njia ya hapa kila Jumamosi. Kuko pia wanafunzi waliofika mwaka huu na wazazi wao kutoka Kasai. Wakubwa wa kikundi watakutana mwisho wa mwezi ili kukata shauri. Wengine wamekwisha kusema wazi: "Kikundi ni ya batoto ba hapa. Bale benye kuya, bangoje." Sisi tunasema si vile, na tutaeleza juu ya nini.

Kwanza tuulizane: mgeni ni nani hapa Kolwezi? Muji huu ulianza mwaka 1937, wakati Union Minière ilipoujenga karibu na migodi. Nchi ilikuwa na wenyewe mbele ya kampuni, na wako mpaka leo, tunawaheshimu. Lakini kambi za kampuni katika Katanga zilijazwa na watu waliotoka mbali: Kasai, Lomami, Maniema, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo tunaiita Zambia. Hata Kiswahili hiki tunachokiandika, babu zetu wengi hawakukinyonya kwa mama. Walikijifunza kazini, kwa kuwa chini ya jiwe linaloanguka, mwenzako asipoelewa "Angalia!", anakufa. Ni kusema lugha yetu yenyewe ni kazi ya wageni waliotaka kusikilizana. Anayetaka leo kuhesabu nani ni wa hapa na nani ni wa kuja, ajue kwamba hesabu ile itafika mpaka mlangoni kwa babu yake.

Na matunda ya hesabu ile tunayajua. Wakati wa Union Minière, michezo iligawanywa kwa rangi ya ngozi: tenisi na piscine za Wazungu, mupira wa wafanyakazi Waafrika, kila mtu na upande wake. Kisha, mwaka 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga yote. Waliitwa bilulu, ni kusema wadudu. Wengi wao walikuwa wazaliwa wa hapa hapa. Walilala siku nyingi kwenye gare ya Likasi na ya Kolwezi wakingoja treni, na wengi walikufa, hata watoto. Mambo yale hayakuanza na fimbo. Yalianza na maneno: huyu ni wa kwetu, yule si wa kwetu. Mtu atasema: "Kumbe munaleta mambo makubwa kwa kikundi cha raketi sita!" Ndiyo, kikundi ni kidogo. Lakini liste ya kwanza ya kutenga watu ni ndogo siku zote.

Sasa tuseme juu ya mchezo wenyewe, kwa kuwa badminton ina namna yake ya kupima watu. Volan ni kitu chepesi sana: manyoya 16, uzito wa gramu karibu 5. Upepo kidogo tu, inakwenda inapotaka; njo maana mwezi wa nane tunacheza asubuhi mapema au hatuchezi kabisa. Tena Kolwezi iko juu, zaidi ya metre 1.400, na hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo volan inakimbia kupita kule chini. Mtu aliyezoea kucheza kando ya bahari, akifika hapa na nguvu yake yote, volan zote zitaanguka inje ya mstari. Si mchezaji mubaya. Anahitaji wiki mbili, na mtu wa kumwambia: "Punguza mukono."

Wakati wa kucheza wawili kwa wawili, kiwanja kina metre 13,40 kwa 6,10. Watu wawili upande mmoja hapo, bila kusemezana, watagonganisha raketi au wataacha volan ianguke katikati. Lakini maneno wanayohitaji si mengi. Sisi tumehesabu manne: "Yangu! Yako! Acha! Inje!" Mtu mwenye maneno haya manne anaweza kucheza na yeyote. Atakosea mara ya kwanza, atasema "Yangu" na kukimbia mbali na volan, watu watacheka, naye atacheka. Jumamosi ya tatu hatakosea tena. Tunaomba mutuonyeshe darasa lolote linalofundisha lugha haraka namna hii.

Wengine wanasema mgeni ataharibu mchezo wa wenyeji. Tuwape mfano wa nchi inayoupenda sana mchezo huu, ni Japani. Mwaka 2004 Wajapani walimwita Park Joo-bong awe mwalimu wa timu yao ya taifa. Park si Mjapani, ni mtu wa Korea ya Kusini, aliyepata zahabu ya wawili-wawili katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Kumbukeni kwamba Japani iliitawala Korea kwa nguvu toka 1910 mpaka 1945, na maumivu ya wakati ule hayajaisha katika mioyo. Kulikuwa basi na sababu za kukataana, pande zote mbili. Park alikuta wachezaji wakubwa wamegawanyika katika timu za makampuni, kila mmoja na mwalimu wake. Akawakusanya kufanya mazoezi pamoja. Mwaka 2012, London, Japani ilipata medali yake ya kwanza ya Olimpiki katika badminton. Mwaka 2014 wanaume wakachukua Kombe la Thomas, mara ya kwanza. Mwaka 2016, Rio, Ayaka Takahashi na Misaki Matsutomo wakapata zahabu. Mgeni hakuharibu kitu. Aliwasaidia wenyeji kuungana wao kwa wao.

Hapa karibu vilevile tuko na mfano, hata kama si wa badminton. Mwaka 2011 Mbwana Samatta alitoka Simba ya Dar es Salaam akaja Lubumbashi kuchezea TP Mazembe. Mwaka uleule Rainford Kalaba, mtu wa Zambia, akaja pia. Kule Dar wanasema "nje", huku tunasema "inje", na mupira haukupotea njia juu ya herufi moja. Mwaka 2015 Mazembe ilichukua kombe la klabu bingwa za Afrika, na Samatta akatajwa mchezaji bora wa mwaka kati ya wote wanaocheza ndani ya Afrika. Hata hapa Kolwezi watu waliingia barabarani kufurahi. Hatukusikia mtu anayesema: "Bao hii ni ya mutu wa kuya, tusiihesabu."

Lakini tuseme kweli yote. Mabishano ya hapa masomoni hayako sawa kwa wageni wote. Juu ya vijana Wachina, wengi wameanza kulainika: "Tubaache baingie, batatuletea raketi na volan mpya." Juu ya wanafunzi wa Kasai, waliokuja mikono mitupu, maneno ni magumu: "Raketi ni sita tu, tutacheza saa gani?" Hapa njo shida yenyewe. Mgeni wa kwanza anapokelewa kwa sababu ya mzigo wake, wa pili anakataliwa kwa sababu hana mzigo, na hakuna hata mmoja anayepokelewa kama mtu. Kama raketi ni chache, ni chache kwa wote. Anayeshindwa anampa mwingine nafasi, ni desturi ya kila kiwanja. Kumpokea mtu kwa sababu ya raketi yake ni kumwambia kwamba siku raketi itavunjika, yeye pia atatoka.

Tena tusidanganyike na ukarimu wetu. Sisi watu wa huku tunajua kumpokea mgeni. Akija, tunamletea kiti cha plastiki chini ya muembe, tunamtafutia Fanta, tunamwuliza habari za kwao, na anaangalia mchezo mpaka jua linaingia. Ni heshima, na hatuidharau. Lakini mtu wa kiti anabaki mgeni hata miaka kumi. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema vile ili kumfukuza wala kumtumikisha. Walijua kwamba aliyelima pamoja nawe hawezi tena kuitwa mgeni wakati wa kula. Katika kikundi cha badminton jembe letu ni kamba ya wavu, ufagio, na ndoo ya chokaa. Asiyepewa vitu hivi hajaingia bado, hata kama jina lake limeandikwa.

Mu miji mingi ya Japani, klabu za watu wa kawaida zinakutana jioni katika nyumba za michezo za masomo au za muji. Kila mtu anakuja na viatu vya ndani ambavyo havikanyagi inje, analipa pesa kidogo za sali, na wachezaji wenyewe wanafunga wavu na kupangusa sakafu. Mgeni asiyejua Kijapani hata neno moja anaweza kushika kitambaa cha kupangusa bila kuhitaji mtu wa kumtafsiria. Anajulikana kwa mikono yake mbele ya kujulikana kwa kinywa.

Kwa hiyo mgeni naye ana deni lake. Aje mapema, asije wakati wavu umekwisha kufungwa. Aangalie kwanza namna wenyeji wanavyocheza. Asipige volan kwa nguvu usoni pa mtoto wa mwaka wa kwanza ili kuonyesha ufundi. Ndugu yetu Popole Misenga, mcheza judo, mtoto wa Bukavu, alibaki Brazil mwaka 2013 wakati wa mashindano ya dunia, akaingia klabu moja ya Rio. Mwalimu wake Geraldo Bernardes alieleza kwamba mwanzoni Popole aliwatupa wenzake kwa ukali kupita kiasi, na ilimpasa kujifunza kwamba mwenzako wa mazoezi si adui. Alijifunza. Mwaka 2016 alikuwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, watu 10, na akashinda mpambano wake wa kwanza. Na sisi hapa, wengi wetu tutamaliza masomo na kwenda Lubumbashi, Lusaka, labda Uchina au mbali zaidi. Siku moja tutasimama kando ya kiwanja cha watu wengine, na viatu mukononi, tukingoja mtu aseme neno. Tunavyotaka kutendewa siku ile, tutende hivyo Jumamosi hii.

Tunawaletea basi wakubwa wa kikundi mashauri manne:

1. Mtu akija Jumamosi tatu mfululizo, akasaidia kufunga wavu na kufagia, aandikwe, hata kama ametoka wapi.

2. Watu wazima wasio wa masomo yetu wapite kwanza kwa Bwana Prefe, wajulikane na wapewe ruhusa, na mwalimu mmoja awepo wakati wa kucheza. Hili si kuwatenga, ni utaratibu wa nyumba yenye watoto.

3. Malipo yawe sawa kwa wote. Asiye na franka alipe kwa kazi ya chokaa na kufyeka majani. Zawadi ya raketi ipokelewe kwa shukrani, lakini isimpe mtu nafasi mbele ya mwingine.

4. Wachezaji wachaguliwe kwa kura, mpya pamoja na wa zamani upande mmoja wa wavu. Tusifanye kamwe mchezo wa "sisi na wao", hata kwa mzaha.

Shauri la nne tunalipenda kuliko yote. Wavu una metre 1,55 kwenye miti yake, na kazi yake ni kutenganisha pande mbili kwa muda wa mchezo tu. Kisha tunaufungua na kuukunja, na kuukunja vizuri kunahitaji watu wawili.

Wakubwa wa kikundi, kukata shauri ni kwenu. Asiyekubaliana nasi aandike, ukurasa huu ni wake pia. Ila tunawaomba neno moja: mbele ya kuandika liste, muende mukawaulize wale wanafunzi wapya majina yao. Tumeona wiki hii kwamba wengi wanaowabishania hawayajui.

Wanafunzi wane wa mwaka wa 4