GB Ngapi? Swali Linalompendeza Muuzaji

Kijana wa Kithyoko anayetafuta kadi ya grafiki ili acheze gemu kwenye kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini huanza na swali moja: ni ya GB ngapi? Muuzaji, awe Machakos mjini au Luthuli Avenue kule Nairobi, hulijibu kwa furaha, maana halimtoi jasho. Imani kwamba kadi yenye GB nyingi ndiyo yenye nguvu imezoeleka kiasi kwamba matangazo huzitaja GB kabla ya jina la kadi yenyewe. Ni imani mbovu, na hasara yake humwangukia asiye na pesa za kununua mara mbili.

GB ni ukubwa wa tangi tu. Huku Ukambani hakuna haja ya kumweleza mtu kwamba tangi la lita 10,000 halina faida ikiwa bomba linadondosha matone. Kwenye kadi, bomba ni kasi ya kumbukumbu, nayo chipu ndiyo pampu. Tazama GT 730 ya mwaka 2014: zipo zenye GB 4 za DDR3, lakini kasi yake haifiki GB 30 kwa sekunde. GTX 1050 ya 2016 ilitoka na GB 2 pekee, ila husukuma GB 112 kwa sekunde na chipu yake ni kubwa zaidi. Anayehesabu GB atachukua ile ya kwanza na kujiona mjanja. Kibaya zaidi ni GT 1030. Ya 2017 ilikuwa na GB 2 za GDDR5 na kasi ya 48. Mwaka uliofuata ikaja nyingine, GB zilezile, jina lilelile, lakini kwa DDR4 na kasi isiyofika 17. Hapo swali la GB ngapi linapata jibu moja kwa kadi mbili zisizolingana hata kidogo.

Wapo watakaosema kumbukumbu ina maana, na kwamba gemu mpya hukwama kadi inapoishiwa nafasi. Ni kweli, lakini hoja hiyo huanza kufaa baada ya daraja la kadi kujulikana. Kwa Nvidia, tarakimu mbili za mwisho ndizo daraja na zinazotangulia ni kizazi. Ndiyo maana GTX 970 ya 2014 huiacha mbali GT 1030, ingawa 1030 ni namba kubwa zaidi. Linganisha GB kati ya kadi za daraja moja na kizazi kimoja, si vinginevyo.

Hata hapo jina lisomwe hadi mwisho. RTX 3050 ya 2022 ina GB 8 na hula wati 130. Ile ya GB 6 iliyotoka 2024 ni dhaifu kidogo, lakini hutosheka na wati 70, na ubao mama hutoa hadi 75 kupitia nafasi ya kadi. Kompyuta nyingi za ofisi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Atakayefuata GB 8 atarudi nyumbani na kadi bora ambayo mashine yake haiwezi kuiwasha.