Mgeni Apitaye Juu ya Ukuta

Ukuta wa kambi hujengwa kumzuia anayekuja kwa miguu. Mlinzi husimama langoni, huuliza jina, hutazama vyeti. Siku hizi yuko mgeni apitaye juu bila kubisha hodi, naye hana jina wala uso. Tunapenda kulitafakari jambo hili, kwa sababu linaonyesha jinsi ilivyo vigumu kuwalinda watu pasipo kuwadhuru watu wale wale.

Mwezi Desemba 2023, juu ya kambi ya jeshi la anga ya Langley, jimboni Virginia nchini Marekani, droni zilionekana usiku kwa muda wa siku 17. Kambi hiyo ni makao ya ndege za kivita F-22, na baadhi yake zililazimika kuhamishwa. Mwaka uliofuata droni zilionekana juu ya Picatinny, New Jersey, na juu ya vituo vya Uingereza vinavyotumiwa na Wamarekani, kama Lakenheath na Mildenhall. Februari 2025, Jenerali Gregory Guillot, aliyesimamia ulinzi wa anga ya Amerika ya Kaskazini, aliwaeleza maseneta kwamba katika mwaka 2024 droni zilionekana mara 350 juu ya vituo 100 vya kijeshi.

Wengi watauliza: jeshi lenye nguvu namna hiyo, mbona halikuziangusha? Kambi ile imezungukwa na miji, na risasi irushwayo juu haina budi kuanguka mahali fulani. Kuyavuruga mawimbi yanayoiongoza droni kwaweza kuvuruga pia simu za dharura na vyombo vya ndege za abiria. Tena sheria ya nchi, wakati wa amani, haikumruhusu mkuu wa kambi kuangusha kila kirukacho, isipokuwa hatari iwe dhahiri.

Sisi twaona kwamba kujizuia huko hakukuwa udhaifu. Jeshi lisilofyatua ovyo juu ya mapaa ya raia hukumbuka limewekwa kwa ajili ya nani. Lakini kujizuia kusigeuke kisingizio cha uzembe. Tarehe 1 Juni 2025, Ukraine ilishambulia viwanja vya ndege za kivita vya Urusi kwa droni zilizofichwa ndani ya malori. Kimojawapo, Belaya, kiko Siberia, maelfu ya kilomita mbali na uwanja wa mapigano. Baada ya siku ile, hakuna mkuu wa kambi awezaye kusema kwamba kinachozunguka juu ya kichwa chake ni kichezeo tu.

Nasi Wakongomani hatuna haja ya kutafuta mifano mbali. Tarehe 17 Februari 2024 mabomu yaliyorushwa kwa droni yaliangukia uwanja wa ndege wa Goma na kuharibu ndege za kiraia. Jeshi letu liliilaumu Rwanda. Uwanja ule umepakana na mitaa wanamolala watoto. Hata hivyo, ni kutoka Goma hiyo hiyo ambako MONUSCO, Desemba 2013, ilianza kurusha droni za uchunguzi ili kufuatilia nyendo za vikundi vyenye silaha. Na katika mkoa wa Équateur droni zimepeleka chanjo vijijini. Chombo ni kile kile. Aliyekituma na nia yake ndivyo vyenye kutofautiana.

Kwa hiyo kupiga marufuku kila droni si dawa, wala kuzifyatulia zote risasi. Kwanza, sheria itaje mapema ni nani awezaye kurusha, wapi, na ni nani mwenye mamlaka ya kuangusha. Swali hilo halijibiwi vema usiku wa manane. Pili, vyombo vya kutambua vitangulie vile vya kuangusha, maana asiyejua anachokiona aweza kuipiga ndege ya msaada. Tatu, wananchi waelezwe ukweli. Desemba 2024, huko New Jersey, polisi wa upelelezi wa Marekani walipokea taarifa zaidi ya 5,000 za droni ndani ya majuma machache, na zipatazo 100 tu ndizo zilizostahili kufuatiliwa. Nyingi zilihusu ndege za kawaida, hata nyota. Pale wakuu wanaponyamaza, hofu hujisemea yenyewe.

Kwetu uvumi wa namna hiyo haukomi kwenye simu. Waweza kumwangukia kijana mpiga picha, au mpangaji mgeni mtaani, akadaiwa kuwa ndiye aliyewaelekeza adui. Serikali inao wajibu wa kulinda anga. Sisi tunao wajibu wa kulinda jina na uhai wa jirani. Tukiona kitu angani, tuwaarifu wenye mamlaka, na tusimtaje mtu tusiyekuwa na ushahidi juu yake.