Usilaumu Zana Mpya, Laumu Majina Yako

Wasee wa Kisii na Nyamira mnaojenga websaiti, leo sibembelezi mtu. Nimechoka kusikia, "Nilihamia Vite, kila kitu kikavunjika." Zi. Vite haikuvunja kitu. Ni majina yako.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Kuna mzee wa Tabaka, mchongaji wa mawe ya sabuni, ambaye nilimjengea duka la mtandaoni kwa Create React App. Februari 2025 timu ya React ilitangaza rasmi kwamba zana hiyo imestaafishwa, kwa hivyo nikaamua kuhama. Siku hiyo hiyo mzee alikuwa na mteja aliyetaka kuona vinyago vipya kabla ya jioni. Nikaongeza picha, nikabadilisha zana, nikajaribu kwa lapi yangu ya Windows. Fiti kabisa! Nikasukuma kazi kwa seva.

Seva ikakataa. Eti faili haipo.

Picha niliihifadhi kama Kiboko.JPG, lakini kwa msimbo nikaandika kiboko.jpg. Windows ni kama makanga: sema Nyamira, sema NYAMIRA, atakupakia tu. Linux, ambayo ndiyo iko kwa seva nyingi, ni kama karani wa kitambulisho: herufi moja ikipinda, rudi nyumbani.

Nikarekebisha. Bado duka likawa tupu, kwa sababu seva ilikuwa inatafuta folda ya build, na Vite huweka kazi iliyokamilika kwa dist. Nikarekebisha tena. Sasa bei zikakataa kutokea. Anwani ya kuleta bei niliiita jina linaloanza na REACT_APP_, na Vite husoma tu yale yanayoanza na VITE_. Mengine inayaruka kimya kimya.

Saa nne usiku mzee akanipigia: "Kijana wangu, mteja amelala. Mawe yangu yako wapi?" Hapo utamwambia nini? Kwamba herufi kubwa imemkosesha hela ya siku? Huyo mzee alishinda na vumbi kichwani, mimi nikashindwa kuandika jina moja vile vile mara mbili.

Na kuna kosa baya zaidi, ambalo naona wengi mkilifanya kwa haraka: mnabandika VITE_ kwa kila kitu ndio kifanye kazi. Acheni! Jina lenye VITE_ likitumika kwa msimbo wa ukurasa, thamani yake inaenda hadi kwa browser, na yeyote anayejua kufungua msimbo ataisoma. Ukiweka hapo ufunguo wa siri wa malipo, umeacha duka wazi na ukaandika "karibuni" mlangoni.

Najua mtasema haya ni mambo madogo, developa wa ukweli anashughulika na makubwa. Makubwa gani? Mteja haoni ujanja wako. Anaona ukurasa mweupe.

Kwa hivyo fanya hivi. Majina ya faili yote herufi ndogo, bila nafasi, tumia kistari. Ukibadilisha herufi kubwa kuwa ndogo, tumia git mv, maana Git kwa Windows inaweza kukosa kuona tofauti. Faili zenye JSX zipe mwisho wa .jsx, si .js. Kabla ya kuhama, tafuta kila mahali REACT_APP_ na build zimeandikwa. Halafu jenga mradi kwa Linux kabla mteja hajapewa linki.

Na usihame siku ambayo mtu anangoja kuuza. Hilo halihitaji zana yoyote, linahitaji heshima.

Moraa ukimwita Kerubo sokoni Daraja Mbili, hageuki. Si kiburi, umekosea jina. Seva nayo ni hivyo hivyo.