Wiki Yako Kazini Inaanza Lini?

Mwezi huu tunagusa ugomvi unaozisumbua nyumba nyingi za vijana wenye ajira. Mwenzi anarudi saa 4 usiku, anasema alikuwa kazini, lakini mwisho wa mwezi mshahara uko vile vile. Hapo maneno hayakosi. Alikuwa kazini kweli? Hela ya ovataimu anampelekea nani?

Kabla hamjanuniana, kaeni chini mpige hesabu. Inawezekana kabisa anayeila hela hiyo si nyumba ndogo, ni ofisi!

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa ya kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, tena kwa siku zisizozidi 6. Saa ya chakula haihesabiwi, labda kama umetakiwa kufanya kazi muda huo.

Sasa, wiki ya nani? Hapa ndipo wengi wanapigwa chenga. Wiki ya sheria si lazima ianze Jumatatu. Ni siku 7 zinazohesabiwa tangu siku ambayo wewe kwa kawaida unaanza wiki yako ya kazi. Kama unafanya shifti na wiki yako inaanza Alhamisi, inaishia Jumatano. Ukihesabu kwa kalenda ya ukutani utapata jibu lingine kabisa.

Chukua mfano huu. Wiki ya kwanza umepiga masaa 52, ya pili 38. Bosi anajumlisha, anagawa kwa mbili, anakuambia, "Si unaona ni 45 tu, hatudaiani." Hapana! Kila wiki inasimama peke yake. Ile ya kwanza ina masaa 7 ya ovataimu. Kuchanganya wiki namna hiyo kunahitaji mkataba wa pamoja na chama cha wafanyakazi, si maneno ya bosi.

Saa moja ya ovataimu inalipwa si chini ya mara moja na nusu. Gawa mshahara wako wa msingi wa mwezi kwa 4.333, kisha kwa masaa yako ya wiki. Mwenye 585,000 kwa masaa 45 anapata kama 3,000 kwa saa, hivyo ovataimu ni 4,500. Masaa yale 7 ni 31,500. Si haba jamani, hiyo ni gesi ya jikoni na chenji!

Ila tusidanganyane. Wewe unayesimamia wenzako na kuripoti moja kwa moja kwa wakubwa wa juu, kanuni hizi huenda zisikuhusu. Na ovataimu ni makubaliano, si amri, tena isizidi masaa 50 katika wiki 4.

Kwa hiyo, andika kila siku umeingia saa ngapi na umetoka saa ngapi. Uliza ofisini wiki yako inaanza siku gani, kisha linganisha na hati ya mshahara, mwenzi wako akiwa pembeni. Wakikuzungusha, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na usichelewe, maana madai ya aina hii yana siku 60 tu.

Mwenzi anayechelewa kila siku bila malipo hahitaji kununiwa. Anahitaji mtu wa kumsaidia kudai chake. Tukutane mwezi ujao!