Nani Anayepayuka?

Wasomaji wetu wanaosali kwa Biblia ya Kiswahili ya Union wanalijua neno "kupayuka". Limo katika sura ya 6 ya Injili ya Mathayo, Yesu anapowaonya wanafunzi wake wasitegemee urefu wa sala. Lakini neno hilo halikai kanisani tu. Sokoni twasema: "Alipayuka saa nzima asitutajie bei." Tukitoka mkutanoni twasema: "Mheshimiwa amepayuka, swali letu amelirudisha kama lilivyokuja." Sentensi zote mbili ni halali, kwa kuwa kila moja yaonyesha kilichokosekana katika wingi wa maneno.

Ipo sentensi ya tatu. Mama asimama barazani na kuuliza: "Fedha za kisima zimekwenda wapi?" Ni maneno matano. Mwenye kiti amjibu: "Wewe mama, acha kupayuka," kisha ahutubu nusu saa juu ya amani, umoja na maendeleo. Kisima hakitaji.

Ugomvi wetu ni na sentensi hiyo. Kupayuka hakupimwi kwa kuhesabu maneno. Kifungu cha 2A, kilichotiwa katika Katiba ya zamani mwezi Juni 1982, kilikuwa sentensi moja tu, na sentensi hiyo iliifanya KANU kuwa chama pekee halali nchini. Ufupi wake haukumpunguzia mtu yeyote kifungo. Waliodai kiondolewe waliitwa wapiga kelele na wachochezi hadi kilipofutwa Desemba 1991, na sheria ya uchochezi yenyewe ilibaki katika Kanuni ya Adhabu mpaka 1997. Mwenye mamlaka asiyetaka kujibu hoja huanza kwa kuipa jina baya.

Kwa upande mwingine, mjane anayeeleza mpaka wa shamba lake mahakamani aweza kuzungumza asubuhi nzima: mti gani ulikatwa, nani aliusogeza ua, mvua za mwaka gani ziliukuta ukuta haujajengwa. Huyo hapayuki. Kila analolisema ni ushahidi, na hakimu anayemkatiza huenda akaikata haki pamoja na hadithi. (Taaluma yetu ya sheria yastahili neno hili kwa jambo jingine: mkataba wa ukurasa mmoja hufanywa kurasa kumi, na mteja akazilipia zote.)

Katiba ya 2010, katika Ibara za 118 na 196, imeliagiza Bunge na mabunge ya kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zao. Basi mwananchi anayeuliza haombi hisani. Ikiwa bajeti ya kurasa mamia yaletwa asubuhi na wananchi watakiwa watoe maoni kabla ya adhuhuri, huko nako ni kupayuka, ila kwa wino. Na tuseme hivyo waziwazi, kwa sentensi ya kawaida: "Hati hii inapayuka; tuonyesheni ukurasa wa kisima."

Mkutano ukiisha, ndugu zetu, ombeni kusomewa kumbukumbu. Karani akiwa ameandika kwamba "wananchi walipayuka", mwambieni kwa heshima alifute neno hilo, na mahali pake aandike swali la mama, neno kwa neno, pamoja na jibu alilopewa. Kama hakupewa, nafasi ya jibu iachwe wazi.